Msiri wa Bunkeya: shaba ilikuwa yake, baruti ilikuwa ya wengine

Kila mutoto wa Lualaba amesikia jina la Msiri. Kwetu Mutoshi, wengine wanamutaja kwa sifa, sawa mufalme aliyekataa kutoa inchi yake kwa Wazungu. Wengine, zaidi wale wa ukoo wa Basanga, wakisikia jina hilo wananyamaza kwanza, juu babu zao walilipa bei kali chini ya utawala wake. Leo hatutaki kukata kesi hiyo. Tunataka kufuata maisha yake kwa njia moja tu, njia ya bunduki na masasi. Bunduki njo zilimupandisha, riboliva moja njo ilimuangusha, na mu hadithi yote shaba yetu iko kati.

Msiri alizaliwa karibu mwaka 1830 mu Unyamwezi, upande wa Tabora, mu Tanzania ya leo. Jina lake lilikuwa Ngelengwa Mwenda. Baba yake, Kalasa, alikuwa mufanyabiashara aliyesafiri mpaka huku Katanga kutafuta shaba na pembe za tembo, na alifanya undugu wa damu na wakubwa wa huku. Karibu mwaka 1856 mwana alifuata njia ya baba. Tofauti ni kwamba yeye hakurudia. Watu waliokuja naye waliitwa Bayeke, ni kusema wawindaji wa tembo.

Walikuja wachache, lakini walikuwa na bunduki. Wakati ule Basanga walikuwa wanasumbuliwa na Baluba, na mugeni huyu alisaidia kuwafukuza. Kwa watu waliozoea mishale na mikuki, ile moshi na ile sauti zilifanya nusu ya kazi. Polepole mugeni akawa mukubwa, na mukubwa akawa mwami. Alipanua utawala wake mpaka Luapula na kando ya Lualaba, na akajenga muji wake Bunkeya, kaskazini ya Likasi. Maelfu ya watu waliishi pale.

Sasa tuangalie bunduki zenyewe. Nyingi zilikuwa za gumegume, zile Wareno walikuwa wanaziita lazarina. Zilipita Benguela, mu Angola, zikabebwa kwa miguu na wafanyabiashara wa Bihé. Nyingi zilitengenezwa Liège, mu Ubelgiji, kwa bei ndogo, juu ya kuuzwa Afrika. Kuijaza ilikuwa kazi: unamwaga baruti mu kinywa cha bunduki, unaingiza risasi, unasukuma na fimbo ya chuma, unaweka baruti kidogo inje karibu na jiwe, kiisha unalenga. Jiwe likigonga chuma, cheche inawasha. Mvua ikinyesha, pengine haiwaki. Mutu hodari alihitaji nusu dakika hivi juu ya kupiga mara ya pili, na adui mwenye mukuki, mu nusu dakika, amekwisha kufika.

Risasi je? Mu Kiswahili neno risasi ni la masasi na pia la ile madini nzito yenyewe, juu mahali pengi masasi yalitengenezwa nayo. Bayeke walikuwa na kitu kingine. Wafua shaba walichoma malakiti, ile jiwe ya kijani ambayo sisi wote tunaijua, wakatoa misalaba ya shaba, nyuzi za shaba, na pia masasi ya shaba. Ukweli ni kwamba shaba ni nyepesi kuliko risasi na ni ngumu zaidi, kwa hiyo haiendi mbali sawasawa. Lakini ilikuwa hapa, na hakuna mutu wa kuizuia njiani. Na bunduki ikipasuka mbao, walikuwa wanaifunga na uzi wa shaba na kuirudisha mu kazi.

Basi, Msiri aliweza kujitengenezea masasi, na bunduki iliyovunjika iliweza kufungwa. Kitu kilichobaki ni baruti. Kila mutu wa kazi ya mugodi anajua: bila baruti mulima hautikisiki. Baruti nzuri ilitoka mbali, magharibi kwa njia ya Benguela, au mashariki kwa wafanyabiashara wa Kiswahili na Waarabu wa pwani. Juu ya kuilipa, Msiri alitoa shaba, chumvi, pembe, na watu. Hapa hatuwezi kuficha kitu. Watumwa walitoka Bunkeya kwa minyororo, na baruti waliyonunuliwa nayo ilirudi kukamata wengine. Misionari Frederick Arnot, aliyefika Bunkeya mu Februari 1886, na wenzake waliomufuata, waliishi karibu na mambo hayo miaka mingi.

Utawala uliosimama namna ile ulikuwa na shingo nyembamba. Basanga, waliochoka na ukali, waliinuka na kufunga njia za biashara. Njia ikifungwa, baruti haifiki. Mu mwaka 1890 mataifa makubwa yalipatana Brussels kuzuia bunduki mpya na masasi yake kuingia Afrika ya kati. Njaa nayo ilikuwa imeingia Bunkeya. Msiri alikuwa muzee sasa, mwenye shaba chini ya miguu, na mapipa ya baruti yanapungua.

Njo wakati huo Wazungu walianza kupiga hodi. Mwishoni mwa 1890 alikuja Alfred Sharpe kwa upande wa Waingereza, akarudi mikono mitupu. Mu 1891 walifika Paul Le Marinel na kiisha Alexandre Delcommune, wote kwa upande wa mufalme Léopold II wa Ubelgiji. Msiri aliwapokea, lakini bendera aliikataa. Tarehe 14 Desemba 1891 alifika kapitene William Stairs, Mukanada aliyelipwa na Léopold, pamoja na mamia ya watu kutoka Zanzibar na pwani, wenye bunduki za kisasa. Walizungumza siku chache. Tarehe 19 Stairs akapandisha bendera bila ruhusa ya mwami. Usiku Msiri akatoka Bunkeya, akaenda mu kijiji cha Munema, si mbali.

Asubuhi ya tarehe 20 kapitene Omer Bodson, Mubelgiji, alitumwa kumuleta. Aliingia mu Munema na watu wachache. Maneno yalipanda, Bodson akatoa riboliva na kumupiga Msiri, ambaye alikufa palepale. Masuka, mwana wa Msiri, akapiga bunduki yake na kumujeruhi Bodson tumboni. Bodson naye alikufa siku ileile.

Tusimame kidogo mbele ya ile riboliva. Bodson hakumwaga baruti wala hakusukuma fimbo. Risasi ya namna mupya ilikuwa na vitu vinne mu kimoja: ganda, fataki chini yake, baruti ndani, na kichwa cha risasi juu. Mvua haiingii kwa urahisi. Riboliva ya jeshi la Ubelgiji ya wakati ule, ya kiwanda cha Nagant cha Liège, ilikula masasi sita, na mutu aliweza kuyamaliza yote mbele gumegume haijajazwa mara ya pili. Ganda la masasi ya namna hii ni la shaba ya njano: kwa kawaida sehemu 70 za shaba kwa 30 za zinki. Kwa nini shaba? Juu moto ukiwaka ndani, shaba ya njano inatanuka na kufunga nafasi, moshi hautoroki nyuma. Kiisha inajikunja kidogo, na ganda linatoka bila kukwama. Mutu mwenye vyombo anaweza hata kuliokota na kulijaza tena: fataki mupya, baruti mupya, kichwa kipya. Chuma hakifanyi kazi hiyo vizuri hivyo.

Basi mwami wa shaba aliuawa na kitu ambacho ngozi yake ilikuwa shaba. Bunduki zake nyingi zilitoka mu muji uleule uliowapa Wabelgiji riboliva, ila kwake walimuuzia za zamani.

Bayeke wanasema kichwa chake kilikatwa, na mupaka leo hakijulikani kiko wapi. Mwana wake Mukanda-Bantu alishika kiti chini ya bendera ngeni. Ukoo haukuzimika, Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wakati wa Katanga ya Tshombe, alikuwa wa ukoo huo. Kila tarehe 20 Desemba, Bunkeya inamukumbuka Msiri.

Miaka kumi na kitu baada ya Munema, kampuni ya Kizungu ilikuwa inachimba dhahabu hapahapa kwetu, wakati Mutoshi ilikuwa inaitwa Ruwe. Mu 1906 Union Minière ikazaliwa. Mu vita ya 1914-1918 shaba ya Katanga ilipelekwa Ulaya kufanyiwa maganda na makombora. Ilitoka jiwe, ikarudi bei.

Sisi tunaobeba mizigo ya jiwe mpaka ku dépôt, tukingojea négociant aseme asilimia ngapi iko ndani, tunaweza kumucheka Msiri kwamba alimiliki shaba yote na akakosa pipa ya baruti. Tumucheke polepole. Waya, betri na simu tunayoshika mu mukono, vyote vina kitu chetu ndani, na vyote tunavinunua kwa bei ya mwingine. Yeye angalau masasi yake alijifulia hapahapa.