Benjamin Franklin: mzee wa noti ya dola 100 aliyeipa radi njia ya kwenda ardhini

Kila siku noti za dola 100 zinapita mikononi mwa wafanyabiashara wa Goma, Bukavu, Uvira na Bunia. Mzee mwenye nywele ndefu anayeonekana juu yake hakuwa rais wa Marekani. Benjamin Franklin alikuwa mchapishaji wa magazeti, na ndiye aliyeonyesha dunia namna ya kulinda nyumba na ghala za baruti dhidi ya radi. Matangi ya mafuta ya leo yanalindwa kwa kanuni ileile.

Habari zake zinagusa mashariki mwa Kongo moja kwa moja. Utafiti wa satelaiti uliotolewa mwaka 2016 uliiweka Kabare, katika Kivu Kusini, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela. Huko Kabare ilihesabiwa mimweko ya radi ipatayo 205 kwa mwaka katika kila kilomita ya mraba.

Mtoto wa mtengeneza mishumaa

Franklin alizaliwa Boston tarehe 17 Januari 1706, wakati eneo hilo lilikuwa koloni la Uingereza. Baba yake, Josiah, alitengeneza sabuni na mishumaa na alikuwa na watoto 17. Pesa za masomo zilikosekana, na kijana akaacha shule akiwa na miaka 10. Alipofika miaka 12 aliwekwa kwa kaka yake James ili ajifunze kazi ya kuchapa. Mwaka 1723 alitoroka, akaenda kutafuta maisha Philadelphia.

Huko alifanikiwa. Alichapa gazeti la Pennsylvania Gazette na kalenda ya kila mwaka iliyopendwa sana, Poor Richard's Almanack. Mwaka 1736 alisaidia kuanzisha kikosi cha watu wa kujitolea cha kuzima moto mjini. Mwaka 1748, akiwa na miaka 42, alikuwa na mali ya kutosha kuacha kazi ya kila siku ya uchapaji. Kuanzia hapo alitumia muda wake mwingi kuchunguza umeme.

Wakati ule umeme ulikuwa mchezo wa kushangaza watu: kioo kilisuguliwa kwa kitambaa, cheche zikaruka, watazamaji wakapiga kelele. Franklin aliona jambo ambalo wengine hawakulitilia maanani. Chuma chenye ncha kali kikisogezwa karibu na kitu kilichojaa umeme, umeme ule unaondoka polepole bila cheche kubwa. Akajiuliza kama wingu la mvua nalo si kitu kilichojaa umeme.

Alipendekeza jaribio la kusimamisha chuma kirefu wakati wa dhoruba. Wafaransa ndio waliomtangulia kulifanya, tarehe 10 Mei 1752, katika kijiji cha Marly-la-Ville karibu na Paris. Cheche zilitoka kwenye chuma. Mwaka huohuo Franklin naye alirusha tiara chini ya mawingu pamoja na mwanawe William. Jibu lilikuwa wazi: radi ni umeme.

Kifo Saint Petersburg

Mwaka 1753, mwanasayansi Georg Richmann aliuawa na umeme huko Saint Petersburg, nchini Urusi, alipokuwa akipima nguvu ya dhoruba nyumbani kwake. Chuma kilichotoka juu ya paa lake hakikuunganishwa na ardhi. Umeme ulishuka hadi ndani ya nyumba, ukakosa njia, ukapita mwilini mwake.

Katika kalenda yake ya mwaka huo, Franklin alikuwa tayari amewaeleza wasomaji la kufanya. Fimbo ya chuma, ile ambayo wengi huku kwetu wanaiita paratoneri, ipande futi sita hadi nane juu ya sehemu ya juu kabisa ya jengo. Upande wa chini uingie futi tatu au nne katika udongo wenye unyevu. Hakuomba hataza, na hakudai malipo. Kila fundi aliruhusiwa kutengeneza fimbo hiyo.

Baadhi ya wahubiri walipinga, wakisema ni kuingilia hasira ya Mungu. Kisha, mwaka 1769, radi ilipiga jengo moja la Brescia, Italia, ambamo baruti nyingi ilikuwa imehifadhiwa. Mlipuko ulibomoa sehemu kubwa ya mji na kuua watu wengi mno. Serikali za Ulaya zikaanza kuogopa ghala zao wenyewe.

Ghala la Purfleet

Mwaka 1772 serikali ya Uingereza iliomba ushauri kuhusu ghala zake za baruti za Purfleet, kando ya mto Thames. Franklin, aliyekuwa akiishi London, aliwekwa katika kamati ya wataalamu. Kamati ilipendekeza fimbo zenye ncha kali. Mjumbe mmoja, Benjamin Wilson, alikataa kutia sahihi. Yeye alitaka fimbo fupi zenye kichwa cha mviringo, akihofu kwamba ncha kali zingeita radi.

Mwezi Mei 1777 radi ilipiga jengo moja la Purfleet lenye fimbo yenye ncha. Baruti haikulipuka, ila matofali na mawe machache yaling'oka kwenye kona, penye chuma kilichoshika mawe ya ukuta bila kuungwa vizuri na njia ya kwenda ardhini. Mabishano yakageuka siasa. Franklin alikuwa ametia sahihi tangazo la uhuru wa Marekani mwaka uliotangulia na sasa alikuwa Paris akitafuta msaada wa Ufaransa. Mfalme George wa Tatu akachukua upande wa Wilson.

Sayansi ya leo haimpi Franklin haki yote. Alidhani ncha ingeweza kunyonya umeme wa wingu kimyakimya na kuzuia radi isipige. Sivyo: fimbo haizuii radi, inaipa njia salama. Hata umbo la ncha, lililowagombanisha wakubwa wa London, si jambo kubwa kama walivyofikiri. Kinachookoa ni chuma chote cha jengo kuungwa pamoja na kufika katika ardhi yenye unyevu.

Kutoka baruti hadi esansi

Hivyo ndivyo matangi ya mafuta yanavyolindwa. Tangi la chuma lenye unene wa milimita 5 hivi linaweza lenyewe kubeba radi bila kutoboka, mradi liungwe na ardhi. Hatari iko kwenye mifuniko, matundu ya hewa na maungio, mahali mvuke wa mafuta unapotoka. Mwezi Agosti 2022, radi ilipiga tangi huko Matanzas, Cuba. Moto ulienea kwa matangi mengine kwa siku kadhaa, na zaidi ya watu 10 wakafa, wengi wao wazima moto.

Umeme mdogo wa kusugua, ule wa michezo ya zamani, nao bado unaua. Esansi ikipita katika bomba inazalisha umeme. Lori ama tangi lisipounganishwa, umeme unajikusanya na cheche moja inatosha kuwasha mvuke. Ndiyo sababu dereva anafunga waya wa ardhi kabla ya kufungua bomba. Ndiyo sababu pia bidoni inawekwa chini wakati wa kujazwa, haiachwi juu ya pikipiki ama ndani ya gari, na mdomo wa pampu unagusa bidoni muda wote.

Miaka ya mwisho

Franklin alirudi Philadelphia mwaka 1785, baada ya kushiriki kutia sahihi mkataba wa amani na Uingereza. Mwaka 1787 alikuwa miongoni mwa waliotunga katiba ya Marekani. Alikuwa amemiliki watumwa kwa miaka mingi, na gazeti lake lilichapa matangazo ya kuwauza. Uzeeni aliongoza chama cha kupinga utumwa, na Februari 1790 chama hicho kiliomba bunge liukomeshe. Bunge halikufanya hivyo.

Alifariki tarehe 17 Aprili 1790, akiwa na miaka 84. Fimbo yake haijabadilika sana tangu hapo. Kama zamani, sehemu inayosahaulika haraka ni ile isiyoonekana: waya uliokatika ama kuliwa na kutu chini ya udongo, ambao hakuna anayeuona mpaka siku ya dhoruba.