Michael Faraday, Mwana wa Mhunzi, na Barua Zake

Jenereta inayonguruma kambini na redio ambayo askari wa doria huitia kituo chake zina asili ndefu, na ukiifuata asili hiyo hatua kwa hatua hutakosa kumfikia Mwingereza mmoja, mwana wa mhunzi, aliyeitwa Michael Faraday. Habari za majaribio yake ya umeme na sumaku zimesimuliwa mara nyingi. Leo tungependa kueleza jambo lisilotajwa sana, nalo ni barua zake. Mtu huyu hakuingia chuo kikuu chochote, wala hakujua hisabati ya juu. Ni kwa barua alipata kazi, kwa barua alitetea heshima yake, na kwa barua fikira yake iliyo kubwa kuliko zote iliepuka kuzikwa pamoja naye.

Alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 huko Newington, kusini ya mto Thames, katika nyumba isiyo na mali. Alipofikia umri wa miaka 14 akawekwa kwa bwana mmoja mwuza vitabu wa London, George Riebau, ajifunze kazi ya kutia vitabu majalada. Mkataba ulikuwa wa miaka 7. Kijana alifanya kazi yake vizuri, lakini alikuwa na tabia moja ambayo kwa bahati njema tajiri wake hakuichukia: kila kitabu cha elimu kilichopita mikononi mwake alikisoma kabla ya kukishona. Mwaka 1812 akaanza kuandikiana barua na rafiki yake Benjamin Abbott, si kwa salamu tu, bali kwa makusudi ya kujizoeza kupanga mawazo na kuandika lugha safi. Alijiona mwenyewe kuwa na upungufu, akajitafutia mazoezi kama vile kuruta anavyozoeshwa gwaride.

Barua yake ya kwanza ya kuomba kazi ya sayansi aliipeleka kwa mkubwa kabisa, Sir Joseph Banks, rais wa Chama cha Kifalme cha Sayansi. Alipokwenda kuuliza jibu, akaambiwa kwamba barua ile haihitaji jibu. Wengi wangeishia hapo. Faraday alikuwa amehudhuria mihadhara minne ya mkemia mashuhuri Humphry Davy katika Taasisi ya Kifalme, kwa tiketi alizopewa na mteja wa duka. Akayaandika upya yote aliyoyasikia, akachora vyombo vyote alivyoviona, akakitia kitabu jalada kwa mikono yake mwenyewe, kisha Desemba 1812 akakipeleka kwa Davy pamoja na barua. Safari hii jibu lilikuja upesi, na tarehe 1 Machi 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi wa maabara kwa shilingi 25 kwa juma, pamoja na vyumba viwili juu ya jengo.

Yatupasa kukumbuka kwamba katika siku zile barua haikuwa kitu rahisi. Mpaka mwaka 1840 Uingereza ilipoweka nauli moja ya peni kwa nchi nzima, kwa kawaida aliyepokea barua ndiye aliyelipa, na malipo yalipanda kwa kadiri ya umbali. Mtu hakuandika ovyo.

Mnamo Septemba 1821 Faraday aliufanya waya wenye umeme uzunguke sumaku bila kusimama. Hiyo ndiyo mota ya kwanza ya umeme duniani. Akaharakisha kuitangaza habari ile, na ndipo mashaka yalipoanza. William Wollaston, mwanasayansi mwenye cheo na sifa, alikuwa amekwisha kufikiri juu ya waya kujizungusha wenyewe kwa nguvu ya sumaku, naye alikuwa amejaribu jambo hilo pamoja na Davy katika Taasisi ile ile miezi michache kabla. Makala ya Faraday haikumtaja. Mara minong'ono ikaenea mjini kwamba kijana ameiba fikira ya mzee.

Askari wanaelewa maana ya kutuhumiwa wizi mbele ya wenzako. Faraday hakujificha, wala hakungoja maneno yapoe. Alimwandikia rafiki yake James Stodart akataja moja moja mambo aliyodhani analaumiwa kwayo, kisha tarehe 30 Oktoba 1821 akamwandikia Wollaston mwenyewe akiomba waonane uso kwa uso. Wollaston alijibu kwa upole na bila maneno mengi. Maoni yake yalikuwa kwamba, ikiwa Faraday anajua moyoni kuwa hakutumia vibaya fikira za wengine, hana sababu ya kujisumbua sana, naye yu radhi kuonana naye. Wakaonana, ugomvi ukakoma kati yao. Lakini haukukoma kwa Davy. Jina la Faraday lilipopendekezwa mwaka 1823 liingizwe katika Chama cha Kifalme, Davy, ambaye sasa ndiye aliyekuwa rais, alimtaka aliondoe. Faraday alikataa. Tarehe 8 Januari 1824 kura zikapigwa kwa siri, na iliyompinga ilikuwa moja tu.

Mwaka 1831 akagundua kwamba sumaku inayotembea karibu na waya huzaa umeme, na jenereta zote zimetoka hapo. Kuanzia 1830 hadi 1851 alifundisha pia kemia katika Chuo cha Kijeshi cha Kifalme huko Woolwich, ambako maofisa wa mizinga na wahandisi walipata mafunzo. Wakati wa vita vya Crimea, mwaka 1854, serikali ilimwuliza juu ya mpango wa kuwafukiza Warusi katika ngome zao kwa moshi wa kiberiti. Akajibu kwa barua ya kitaalamu, akieleza kwamba mengi yalitegemea mambo ambayo hayajajaribiwa bado.

Pale alipopungukiwa, aliuliza bila haya. Mwaka 1834 alihitaji majina mapya ya sehemu ambazo umeme huingilia na kutokea ndani ya maji ya kemikali, akamwandikia William Whewell wa Cambridge, bingwa wa Kigiriki. Katika barua zao za majuma machache yalizaliwa maneno anodi, kathodi na ioni, ambayo fundi wa betri anayatumia mpaka leo.

Upungufu mkubwa zaidi ulikuwa wa hisabati. Faraday aliamini kwamba nguvu ya sumaku hairuki kutoka kitu hadi kitu kupitia utupu, bali imo katika nafasi yenyewe, imepangika katika mistari, kama unga wa chuma unavyojipanga kwenye karatasi iliyolazwa juu ya sumaku. Wanahisabati wengi walimsifu kwa majaribio yake, nadharia yake wakaipita. Hakuwa na lugha yao ya kuwashawishi. Wa kwanza kumsogelea kwa dhati alikuwa kijana wa miaka 21, William Thomson. Barua yake ya Agosti 1845 iliuliza maswali juu ya mwanga unaopita ndani ya kitu chenye hali ya umeme. Faraday akarudi maabara. Umeme haukuonyesha lolote; akaujaribu usumaku, na mnamo Septemba akaona kwamba usumaku hugeuza mwanga unaopita katika kioo kizito.

Kisha akaja James Clerk Maxwell. Huyu alikuwa Mskoti wa miaka 25 alipompelekea Faraday, mwaka 1857, makala aliyoiandika juu ya ile mistari ya nguvu, yote kwa hisabati. Faraday, mwenye miaka 65, alijibu kwamba mwanzo aliogopa kuona hisabati nyingi hivyo zikilielekea jambo lake, kisha akastaajabu kuona limestahimili. Katika barua ya Novemba mwaka ule akamwuliza kijana swali ambalo sisi twaliona la haki kabisa: je, wanahisabati wakiisha kupata matokeo yao, hawawezi kuyasema pia kwa lugha ya kawaida, ili wafanya majaribio nao wayatumie? Hakuwa akijidhalilisha. Alikuwa akidai sehemu yake.

Maxwell aliendelea. Mwaka 1861 alimwandikia mzee kumweleza kwamba, kwa hesabu zake, mtikisiko wa umeme na sumaku husafiri kwa mwendo unaokaribia kabisa ule wa mwanga. Faraday hakuishi kuona mwaka 1888, ambapo Heinrich Hertz wa Ujerumani alitangaza kuwa ameyazalisha mawimbi hayo katika maabara yake. Redio ilifuata.

Tena kulikuwa na barua moja ambayo hakumpelekea mtu yeyote. Tarehe 12 Machi 1832 Faraday aliifunga, akaitia lakiri, akaiweka katika Chama cha Kifalme. Ilifunguliwa mwaka 1937. Ndani yake alikuwa ameandika kwamba nguvu ya sumaku huchukua muda kusafiri, na kwamba huenea pengine kama mawimbi juu ya maji au kama sauti hewani. Hakuwa na ushahidi wa kutosha, akataka tarehe ya fikira ile ijulikane. Maxwell alipomwandikia, hapana shaka hakujua habari za bahasha ile.

Kumbukumbu ya Faraday ilikuwa imeanza kumtupa tangu miaka ya 1840. Kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa akiandikiana na mkemia Christian Schönbein wa Basel, na barua yake ya mwisho kwa rafiki huyo ni ya Septemba 1862. Humo anaeleza kwamba huandika akararua, akaandika tena akararua, kwa sababu maneno yanayotoka hayana maana. Kisha anamwaga kwa upendo. Alifariki Hampton Court tarehe 25 Agosti 1867. Barua zake na alizoandikiwa, karibu 5,000, zimechapishwa katika juzuu 6 kati ya mwaka 1991 na 2012.