Maisha ya Daktari Burkitt wa Mulago

Mwalimu wetu alipotuagiza tuandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufa zamani, wenzangu wengi walichagua wafalme na majemadari. Mimi nilichagua daktari mwenye jicho moja. Sababu yangu nitaieleza mwishoni.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini ya Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa wilaya, na kazi aliyoipenda baada ya saa za ofisi ilikuwa kuchunguza ndege. Aliwavika pete miguuni, kisha akachora katika ramani mahali kila ndege alipokaa. Msomaji aikumbuke ramani hiyo, maana mtoto alikuja kuifuata njia ya baba.

Alipokuwa na miaka 11 Burkitt alipigwa na jiwe lililorushwa na watoto, akapoteza jicho la kuume. Mwaka 1929 aliingia Trinity College, Dublin, ili asome uhandisi, lakini moyo wake ukageukia utabibu, akafuzu mwaka 1935. Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni alikataliwa kwa ajili ya jicho lake. Vita Kuu ya Pili ilipokuja akaingia jeshini kama daktari, akafika Kenya na nchi ya Wasomali. Vita vilipokwisha aliomba tena, na mwaka 1946 akaletwa Uganda, akawekwa Lira katika nchi ya Lango.

Huko Lira aliona jambo ambalo pengine mwingine angalilipita tu. Wagonjwa wa busha walikuwa wengi upande mmoja wa wilaya, na upande wa pili walikuwa wachache sana. Hakutosheka na kuwapasua tu. Alitaka kujua kwa nini huku kuwe na wengi na kule wachache. Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake siku zote: kuona, kuhesabu, na kulinganisha.

Mwaka 1948 alihamishiwa Hospitali ya Mulago, hapa Kampala. Siku moja ya mwaka 1957 Daktari Hugh Trowell alimwita atazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Baada ya majuma machache Burkitt alikuwa katika hospitali ya Jinja, akatupa macho dirishani, akamwona mtoto mwingine ameketi nje na mama yake, naye amevimba uso vilevile. Alipompima akakuta uvimbe mwingine tumboni. Basi akarudi Mulago, akafungua majalada ya zamani, akakuta watoto wengi walioandikwa kuwa na maradhi mbalimbali, kumbe ugonjwa wao ulikuwa mmoja. Ilikuwa ni saratani, na mwaka 1958 akaandika habari zake katika jarida la madaktari wa upasuaji la Uingereza. Leo dunia nzima huiita kwa jina lake.

Hapo akaanza kuuliza ugonjwa huo unakaa wapi. Alipeleka barua na picha kwa hospitali nyingi za Afrika, na kila palipopatikana mgonjwa akatia alama katika ramani. Tarehe 7 Oktoba 1961 yeye na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Clifford Nelson, waliondoka Kampala katika motokaa kuukuu iliyonunuliwa kwa pauni 250. Kwa muda wa majuma kumi walikwenda maili 10,000, wakazuru hospitali zipatazo 60 hata Afrika ya Kusini. Waligundua kwamba ugonjwa ule hukaa katika nchi za joto na mvua nyingi, wala hauonekani sana milimani.

Kwanza walidhani kwamba mbu ndiye anayeeneza kirusi cha ugonjwa huo. Dhana hiyo haikuwa sahihi yote. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake huko London walikiona kirusi katika seli zilizokuzwa kutokana na vipande vya uvimbe vilivyopelekwa kutoka Kampala. Kirusi hicho hakiletwi na mbu. Kinachopita kwa mbu ni malaria, nayo malaria humdhoofisha mtoto hata kirusi kikapata nafasi. Burkitt alikubali kusahihishwa.

Lakini ramani haimponyi mtoto. Kisu kilikuwa kimeshindwa, maana uvimbe ulirudi, na Uganda haikuwa na mashine ya kutibu kwa mionzi. Ndipo Burkitt akajaribu dawa mpya zilizotolewa na madaktari wa New York na wengineo: methotreksati, saiklofosfamaidi, na baadaye vinkristini. Watoto wengine walipewa dozi moja au mbili tu, uvimbe ukayeyuka, wakaishi miaka mingi. Mwaka 1967 aliandika habari za watoto hao, na madaktari wa ng’ambo wakastaajabu.

Hata hivyo, habari hizo hazikutosha. Ikiwa mtoto mmoja amepona kwa dozi moja, je, angekuwa salama zaidi kwa dozi sita? Je, dawa tatu pamoja ni bora kuliko moja, au zinaongeza sumu tu? Kumtazama aliyepona hakutoshi kulijibu swali hilo. Lazima wawepo wawili wanaofanana, mmoja apewe hivi na mwingine vile, na daktari asichague nani apate nini, maana huenda bila kujua akawapa wenye nguvu dawa anayoipenda. Basi hupigwa kura. Kisha wote huhesabiwa, waliopona na waliokufa, bila kumficha hata mmoja.

Kazi hiyo ilifanywa hapa hapa Mulago. Mwaka 1967 kilifunguliwa kituo cha kuutibu uvimbe huo, ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda. John Ziegler kutoka Marekani alikiongoza hata mwaka 1972, kisha Mganda Charles Olweny akashika mahali pake. Waliwagawa wagonjwa kwa kura, wakalinganisha dozi moja na dozi nyingi. Mwaka 1976, katika miaka migumu ya nchi yetu, Olweny na wenzake walitangaza matokeo ya kulinganisha dawa moja na dawa zilizochanganywa. Dawa zile tatu za zamani zimeendelea kutumika pamoja Uganda hata katika karne hii.

Burkitt mwenyewe aliondoka Kampala mwaka 1966. Huko Uingereza alilinganisha tena chakula cha Waafrika na cha Wazungu, akafundisha kwamba unga usiokobolewa na mboga hulinda matumbo. Kitabu chake cha mwaka 1979 kikamfanya ajulikane na watu wote. Alifariki tarehe 23 Machi 1993. Mwaka 2000 majaribio mawili ya Marekani yalionyesha kwamba chakula cha namna hiyo, kwa miaka michache, hakikuzuia vinundu vya utumbo kurudi. Sisemi hivi kumdharau. Ramani yake iliuliza swali, na ilikuwa haki swali lipimwe, hata likiwa la mtu mkubwa.

Sasa sababu yangu. Mdogo wangu alipokuwa na miaka sita, taya lake lilivimba na meno yakalegea. Nyumbani tulidhani ni jino. Jirani alileta mizizi, mwingine akataka tumng’oe meno, na kila mmoja alikuwa na habari ya mtu aliyepona kwa dawa yake. Majuma matatu yakapotea hivyo. Alipofikishwa hospitali, mama alimwuliza daktari amejuaje kwamba dawa yake ni bora kuliko ya jirani. Daktari hakukasirika. Alieleza kwamba zamani watoto wengine waliougua ugonjwa huo huo waligawanywa kwa kura, wakahesabiwa, na wengine wao hawakupona. Mama alinyamaza kitambo, kisha akauliza majina ya watoto hao. Daktari alisema majina yao hayakuandikwa vitabuni.

Mdogo wangu sasa yuko darasa la tano, na juzi alinishinda mbio. Mimi nataka kusoma utabibu, Mungu akinijalia. Jina la Burkitt wanafunzi wote watalikuta katika vitabu. Nimeandika habari hizi ili wasomaji wa gazeti letu, na ninyi mliotutangulia katika shule hii, tuwakumbuke pia wale watoto wa Mulago wasioandikwa, maana mdogo wangu anaishi kwa hesabu yao.