Askofu Steere na watoto wa majahazi

Karafuu za Pemba zina historia ya machozi. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, lakini Pemba ilisalimika, na mashamba yake yakataka watu. Hata soko la watumwa la Unguja lilipofungwa mwaka 1873, majahazi yaliendelea kuvusha watumwa kwenda Pemba kwa siri, watoto wakiwamo. Manowari za Uingereza zilipoyakamata, mtoto asiye na baba wala mama alienda kwa nani?

Wengi walipokelewa na misheni ya Edward Steere. Alikuwa mwanasheria kabla ya kuwa kasisi. Alifika Unguja mwaka 1864 na Askofu Tozer, akawa askofu mwaka 1874. Sadaka za Wakristo wa Uingereza ziliwalisha watoto wale, lakini Steere hakuishia kwenye chakula. Alijifunza Kiswahili, akawafundisha kusoma na kuchapa vitabu. John Swedi, mmoja wa wavulana watano wa kwanza waliotolewa na Sultani, alimpa ushemasi mwaka 1879.

Steere alifariki mwaka 1882, akazikwa Mkunazini, ndani ya kanisa alilolijenga palipokuwa soko la watumwa.

Ndugu yangu, nasi tunachangia yatima mchele, sare na ada. Ni vyema. Je, yule unayemlipia ada unalijua jina lake? Ungekubali siku moja awe mchungaji wako? Yakobo ametuagiza twende kwa yatima. Wiki hii, ukishatoa sadaka, nenda ukamjulie hali.