Maisha ya Paul Bert na Swali la Bata na Kuku

Katika vijiji vya Sepuka, wilayani Ikungi, mkoani Singida, hakuna mtoto asiyemjua kuku. Kuku wa Singida wamepata sifa hata katika masoko ya Dar es Salaam. Magharibi ya Sepuka limetanda bonde la Wembere, ambalo wakati wa mvua hujaa maji na kuwa makazi ya ndege wengi wa majini. Ikiwa mwanafunzi atauliza kwa nini mnandi huzama majini na kuibuka salama, ilhali kuku akitumbukia kisimani hufa upesi, mwalimu atajibu nini?

Swali lililo karibu sana na hilo lilimshughulisha mtaalamu Mfaransa, Paul Bert, zaidi ya miaka 150 iliyopita. Tumeona yafaa kuyaeleza maisha yake katika kurasa hizi, kwa kuwa mtu huyo alikuwa mtafiti na pia mtumishi wa elimu ya msingi. Mafanikio yake yanatufunza, na makosa yake yanatufunza vilevile.

Paul Bert alizaliwa katika mji wa Auxerre tarehe 17 Oktoba, 1833. Kwanza alisoma sheria, kisha akavutwa na elimu ya viumbe, akawa mwanafunzi wa Claude Bernard, bingwa wa elimu ya utendaji wa mwili. Alipata shahada ya udaktari wa tiba mwaka 1863 na ya udaktari wa sayansi mwaka 1866. Mwaka 1869 alichukua nafasi ya mwalimu wake huyo katika Sorbonne, mjini Paris.

Mwaka 1870 alichapisha masomo yake juu ya upumuaji wa wanyama mbalimbali. Humo alilinganisha bata na kuku waliozamishwa majini, akaona kwamba bata hustahimili muda mrefu zaidi. Alipopima damu yao aligundua kuwa bata ana damu nyingi kuliko kuku, akakata shauri kwamba hiyo ndiyo sababu: damu ni ghala ya oksijeni, na mwenye ghala kubwa hachelewi kuona faida yake. Aliona pia kwamba mapigo ya moyo wa bata aliyezamishwa hupungua sana.

Baadaye aligeukia taathira ya kanieneo ya hewa katika mwili. Alionyesha kuwa anayepanda juu sana hudhurika kwa kukosa oksijeni ya kutosha, na kwamba oksijeni yenye kanieneo kubwa mno nayo ni sumu. Mafunzo hayo yalikuja na msiba. Tarehe 15 Aprili, 1875, watu watatu walipanda angani kwa puto lililoitwa Zénith. Walikuwa na oksijeni, lakini nguvu ziliwaishia kabla ya kuitumia ipasavyo, wawili wakafa. Mwaka 1878 Bert alitoa kitabu kikubwa juu ya kanieneo ya hewa, ambacho kilikuja kuwa msingi wa elimu ya marubani na wapiga mbizi.

Wakati huohuo alikuwa mbunge. Sheria ya tarehe 9 Agosti, 1879, ambayo aliipigania, iliutaka kila mkoa wa Ufaransa uwe na chuo cha ualimu cha wanawake pamoja na kile cha wanaume. Aliwahi kuwa Waziri wa Elimu kwa miezi michache, tangu Novemba 1881 hadi Januari 1882, na akaandika vitabu vya Sayansi vya shule za msingi vilivyoenea sana. Mwaka 1886 alipelekwa kutawala Annam na Tonkin, nchi ambazo leo ni sehemu ya Vietnam. Alifia Hanoi tarehe 11 Novemba mwaka huohuo.

Hapa hatuna budi kusema kweli yote. Katika vitabu vyake vya shule Bert aliwapanga wanadamu kwa ngazi, akawaweka Weusi chini ya Weupe kwa akili. Mtu aliyekuwa tayari kuwapima bata na kuku kabla ya kutamka neno, alitamka juu ya wanadamu wenzake bila kupima lolote, na watoto wakakariri kwa kuwa yameandikwa kitabuni. Kisha akaenda kuwatawala wengine kwa jina la ustaarabu.

Jibu lake juu ya bata nalo halikubaki kama alivyoliacha. Mfaransa mwenzake, Charles Richet, alionyesha katika miaka ya 1890 kuwa bata aliyezibwa koo hewani hufa mapema, lakini aliyezamishwa majini huishi takriban mara tatu ya muda huo. Damu ni ileile; kwa hiyo wingi wa damu peke yake hautoshi kuwa sababu. Mwaka 1940 Per Scholander alieleza kuwa mnyama anayezamishwa huibana mishipa ya damu iendayo kwenye misuli na viungo vingine, ili oksijeni iliyopo iwekewe ubongo na moyo.

Hata hapo safari haikuisha. Katika miaka ya 1970, Patrick Butler na Anthony Woakes wa Chuo Kikuu cha Birmingham waliwafunga bata wapiga mbizi vyombo vidogo vya redio, wakawaacha wazame kwa hiari yao. Mapigo ya moyo hayakuanguka kama ya bata wa Bert. Bata huru huvuta pumzi, huongeza mapigo kabla ya kuzama, kisha huzama kwa muda mfupi akiendelea kutumia oksijeni yake. Na huitumia kwa wingi: hutumia zaidi ya mara tatu ya ile aitumiayo akiwa ametulia. Sababu moja ni kwamba manyoya yake yamebeba hewa inayomsukuma juu, naye lazima apige miguu bila kupumzika ili abaki chini. Mnandi manyoya yake hulowa kiasi, hivyo huzama kwa urahisi zaidi. Lakini hulipa gharama kwa kupoteza joto, na ndiyo maana aghalabu humwona ameanika mabawa juani.

Basi bata wa Bert hakudanganya. Alijibu swali aliloulizwa: kiumbe aliyeshikwa kwa nguvu hufanya nini ili asife? Hakuulizwa jinsi anavyoishi. Sisi walimu tuliangalie sana jambo hili. Mtoto anayeulizwa huku fimbo imeinuliwa hutoa jibu la kujiokoa, nasi twaweza kudhani tumepima akili yake, kumbe tumepima hofu yake.

Darasani, basi, tusimzamishe ndege yeyote. Huo ni ukatili, na tumeona kuwa jibu lake huwa pungufu. Mwalimu awapeleke wanafunzi penye lambo, wasimame mbali na ukingo. Wamchague kibisi mmoja au mnandi mmoja, wahesabu sekunde anazokaa chini ya maji na sekunde anazopumzika juu. Pasipo na saa, lifungwe jiwe kwenye kamba ya mita 1 na kuachwa libembee: kila linapokwenda upande mmoja ni kama sekunde 1. Mbizi kumi zikishaandikwa, wanafunzi watafute wastani, kisha waulizane: je, akizama muda mrefu, hupumzika muda mrefu? Bata wa nyumbani naye aangaliwe. Wataona kuwa mara nyingi hutumbukiza kichwa tu, mkia ukibaki juu.

Majibu ya makundi yakitofautiana, mwalimu asikimbilie kusema lipi ni sahihi. Makundi yarudi lamboni yakahesabu tena. Paul Bert alisahihishwa na Richet, Richet akaongezewa na Scholander, na Scholander akaongezewa na bata walioachwa huru. Kitabu cha mwanafunzi wa Sepuka nacho kiachiwe nafasi ya kusahihishwa, na vivyo hivyo kitabu cha mwalimu wake.