Hans Peter Luhn na Vikapu vya Namba

Hans Peter Luhn alizaliwa mwaka 1896 katika mji wa Barmen, Ujerumani, akiwa mtoto wa mchapaji. Mwaka 1924 alihamia Marekani kwa shughuli za nguo, akabuni kifaa cha kuhesabia nyuzi za kitambaa. Mwaka 1941 aliajiriwa na kampuni ya IBM akiwa mhandisi.

Tatizo lililomkabili huko twalijua hata sisi walimu: kumbukumbu zikiwa nyingi, kuitafuta moja kwa kuanzia ya kwanza huchosha. Mwezi Januari 1953 Luhn alipendekeza kwamba namba ya kumbukumbu yenyewe, kwa hesabu fupi, ionyeshe kikapu cha kuiwekea.

Tuchukue namba ya mwanafunzi, 4172. Tukijumlisha tarakimu zake twapata 14. Tarakimu ya mwisho ni 4, basi kadi huingia kikapu cha 4. Anayeitafuta hurudia hesabu hiyo na kufungua kikapu kimoja tu kati ya kumi. Namba 5162 nayo huangukia humo, kwa hiyo ndani ya kikapu hatuna budi kusoma namba nzima.

Watunga programu waliofuata walikipa kila kitu namba ya jinsi hii, iitwayo namba ya hashi. Vitu vilivyo sawa sharti viwe na namba moja. Lakini vyenye namba moja si lazima viwe sawa. Mkusanyiko hupata namba yake kutokana na vilivyomo. Usiojali mpangilio, namba hizo hujumlishwa tu. Katika orodha, nafasi ya kila kimoja huingizwa katika hesabu, ili 4 kisha 7 itofautishwe na 7 kisha 4.

Hapa pana hatari. Mkusanyiko ukiongezewa kitu baada ya kuwekwa kikapuni, namba yake hubadilika. Anayeutafuta huelekea kikapu kingine, akaukosa ingawa umo.

Darasani tutumie maboksi kumi na kadi. Wanafunzi wakishazipanga, mmoja afute namba ya kadi iliyomo boksini na kuandika nyingine, kisha wenzake waitafute kwa hesabu. Wakiikosa, tuwaachie wagundue sababu wenyewe kabla hatujaeleza lolote ubaoni.

Luhn alifariki mwaka 1964, akiacha hataza zaidi ya 70. Kanuni yake nyingine, ya kuhakiki tarakimu, hutumika hadi leo katika namba za kadi za benki.