Josiah Wedgwood, Mfinyanzi wa Malkia

Josiah Wedgwood alizaliwa mwaka 1730 katika mji wa Burslem, Uingereza, akiwa kitinda mimba katika jamaa ya wafinyanzi. Alipokuwa na miaka 9 baba yake alifariki. Kisha alishikwa na ndui. Akapona, lakini goti lake la kulia lilibaki dhaifu.

Mwaka 1744 aliwekewa mkataba wa kujifunza kazi kwa kaka yake, Thomas. Lakini gurudumu la mfinyanzi siku hizo lilisukumwa kwa mguu, na mguu wake haukuweza. Mwingine angaliiacha kazi ile. Josiah aliigeukia elimu ya udongo, rangi na moto. Mkataba ulipokwisha, kaka yake alikataa kumshirikisha katika biashara; basi akaenda kutafuta riziki kwingine.

Mwaka 1759 alianzisha kiwanda chake mwenyewe. Wafinyanzi wengi walifanya kazi kwa kubahatisha. Yeye alipima kila mchanganyiko, akautia namba na kuuandika daftarini, hata ule ulioharibika. Hivyo akapata vyombo vyepesi, laini, vyenye rangi ya malai. Mwaka 1765 Malkia Charlotte aliagiza vyombo vya chai, na tangu hapo vikajulikana kuwa vyombo vya Malkia. Matajiri wakavitaka, na watu wa kadiri wakawafuata.

Mwaka 1768 mguu ule ulizidi kumtesa hata ukakatwa, nayo dawa ya usingizi ilikuwa haijapatikana bado. Mwaka uliofuata alifungua kiwanda kikubwa, akakiita Etruria. Huko, baada ya majaribio maelfu, alivumbua vyombo vya jasper, vya buluu vyenye sanamu nyeupe. Alitengeneza pia kipimo cha joto la tanuru, na mwaka 1783 wataalamu wa Royal Society walimpokea awe mwenzao.

Utajiri haukumfumba macho. Mwaka 1787 alitoa visahani vyenye sanamu ya mtumwa aliyepiga magoti katika minyororo, ili watu wauchukie utumwa.

Alifariki mwaka 1795, akiacha mali nyingi na jina kubwa. Basi, wanafunzi wenzangu, tusidharau daftari la majaribio. Kosa lililoandikwa vema ni mwalimu. Kosa lililofichwa hurudi tena.